Namba za Jumanne

Saa mbili kasorobo asubuhi, nesi akiwa bado anatafuta funguo za chumba cha vipimo, mabenchi mawili ya nje yalikuwa yameshajaa. Yalitengenezwa kwa watu kumi na wawili. Wanawake walioyakalia walikuwa kumi na wanane, wengine wamening'iniza nusu ya kiwiliwili hewani, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuletewa kiti. Walibanana bega kwa bega jinsi walivyobanana kwa karibu miaka thelathini katika kiwanda cha kushona sare, na ungewasikia ungedhani kengele ya zamu imelia sasa hivi.

"We Bi Vifungo, jisogeze. Umelikalia benchi kama umeachiwa urithi."

"Nisogee niende wapi? Nikampakate nesi?"

Bi Vifungo aliitwa hivyo kwa sababu katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kushona kitu kingine. Sare za shule, za hospitali, za jeshi, zote zilipita mikononi mwake zikiwa wazi na kuondoka zimefungwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mdomo usiopumzika, na magoti yaliyolia kila alipoinuka.

"Mnamkumbuka mnyapara wa filimbi?" akauliza mmoja.

"Yule aliyekuwa akituhesabia dakika za chooni?"

"Huyo huyo. Juzi nimemuota anapiga filimbi. Nimeamka natafuta viatu!"

Wakacheka mpaka mmoja akatoa leso kufuta macho. Mtu anaweza kupatamani mahali palipomtesa, na hawa walipatamani waziwazi. Walitamani harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na mlio wa pedali mia moja zikikanyagwa kwa pamoja, wakati mtu alipoimba bila kusikika na jirani akajua wimbo gani kwa kumtazama midomo. Kiwanda kilifungwa zamani na jengo likawa bohari la matairi. Tangu hapo walikuwa wakikutana kwenye misiba tu, hadi Pindo alipowakusanya tena.

"Pindo huyo!"

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, koti jeupe, miwani imepandishwa kichwani. Ofisini aliitwa Daktari na watu walisimama akiingia. Hapa aliitwa Pindo, jina alilolipata akiwa anatambaa chini ya vyerehani na kujishikiza kwenye mapindo ya magauni ya wanawake hawa, mama yake akiwa mmoja wao. Walimlisha, walimwogesha kwenye ndoo ya kuloweka vitambaa, na mara moja moja walimchapa. Sasa yeye ndiye aliyewachukua damu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Mbona umekonda? Huyo mumeo mwalimu hakulishi?"

Daktari alikuwa mtafiti wa ugonjwa wa kulika viungo. Kwa miaka tisa alifuatilia swali moja: kwa nini gegedu, ule mto laini wa goti, likishalika, maumivu ya wazee hayatulii hata mguu ukipumzishwa. Alipokuwa akiwaandikisha aliwaeleza kwa lugha yao. Mwili ukiona kiungo kimeumia huwasha moto mdogo wa kukitengeneza, akasema, halafu ukishazeeka unasahau kuuzima, na moto huo ndio unaoendelea kukila kiungo. Bi Vifungo akauliza mbona basi watu wanauita ugonjwa wa baridi. Hilo lilimchekesha Daktari wiki nzima.

Dawa aliyoijaribu ilikusudiwa kuuzima moto huo. Wanawake thelathini na sita, wote wa kiwanda kile, waligawanywa makundi mawili yaliyokuja Jumanne kwa zamu. Nusu ya kila kundi walimeza dawa, nusu walimeza kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hakuna aliyejua anameza kipi, hata Daktari mwenyewe. Profesa, mkuu wake, alimwonya mapema. "Hawa wanakujua mno," alisema. Daktari akajibu, "Ndiyo maana watakuja." Na kweli walikuja. Mwaka mzima hakuna aliyekosa hata Jumanne moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jengo lile.

Ndani ya chumba palikuwa na kiti kisicho na mikono na utepe wa njano uliobandikwa sakafuni, mita sita. Bi Vifungo aliketi, akainuka mara tano bila kushika popote, akatembea hadi mwisho wa utepe na kurudi, kidevu juu. Nesi akabonyeza saa.

"Umepunguza sekunde nne, bibi!"

"Dawa ya Pindo hiyo."

"Na maumivu? Sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni yale usiyoweza kuyavumilia."

"Mbili," akasema Bi Vifungo, jasho likimchuruzika nyuma ya sikio. "Na hiyo mbili nimekupa kwa heshima tu."

Alipoanza mwaka alisema saba. Nesi aliandika mbili, na Daktari aliyekuwa amesimama mlangoni alijisikia furaha ya kitoto kabisa, akaenda kujifungia ofisini dakika tano ili watu wasimwone anavyotabasamu.

&nbsp;

Jioni aliyatandaza makaratasi mezani, kwenye nyumba aliyokaa na mumewe na mama yake. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa mzaha mkavu. Aliinama juu ya mchoro, mkono mmoja una chaki bado.

"Zimeshuka vizuri," akasema.

"Zimeshuka sana! Bodi ya utafiti inakaa baada ya wiki mbili. Wakiziona hizi wanaturuhusu kuwajaribu watu elfu moja."

"Zimeshuka zote."

"Sasa ulitaka zishuke nusu?"

"Si umesema nusu yao wanameza kidonge kitupu?" Mwalimu alikuna shingo. "Mimi wanafunzi wangu wakiniletea majibu yaliyonyooka hivi, huwa nauliza nani alikaa karibu na nani."

Daktari alimnyang'anya karatasi. Alimwambia kwamba hata kidonge kitupu humpa mtu nafuu akikiamini, kwamba hilo linajulikana, kwamba damu ndiyo itakayotenganisha. Alisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwalimu akainua mikono juu.

Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote huo. Hakupenda kukaa watu wakimwona, kwa kuwa kukaa kulifuatiwa na kuinuka. Yeye hakuruhusiwa kuingia kwenye utafiti kwa sababu ya undugu, na aliipokea habari hiyo vizuri ajabu.

"Kwa hiyo zinashuka, mwanangu?"

"Zinashuka, mama."

"Na hao wakubwa wameridhika?"

"Bado hawajaziona. Wakiziona wataridhika."

"Alhamdulillahi," akasema mama, akarudi jikoni akijishikiza ukutani. Daktari alikuwa amerudi kwenye makaratasi na hakumwona.

&nbsp;

Jumanne iliyofuata, zamu ya kundi la pili, dereva alileta sanduku la barafu la kuhifadhia damu na kuliacha getini. Daktari alishuka kulichukua mwenyewe. Mlinzi alikuwa ameenda kufungua geti la nyuma, kwa hiyo akaingia kwenye kibanda chake.

Nyuma ya mlango, zimeegemezwa ukutani, palikuwa na fimbo za kutembelea. Alizihesabu bila kukusudia. Kumi na moja. Moja ilikuwa mwavuli wa zamani uliong'olewa kitambaa, nyingine mpini wa fagio uliofungwa mpira chini. Kila moja ilikuwa na kipande cha kitambaa cha rangi yake kimeshonewa juu, ushonaji mdogo mdogo wa mkono ambao Daktari angeutambua popote.

Mlinzi alirudi akamkuta ameinama.

"Hizi za nani?"

"Za akina mama wako, Daktari." Mlinzi alimshangaa. "Si huwa wananiachia kila Jumanne? Wanasema huko ndani haziruhusiwi."

"Nani kawaambia haziruhusiwi?"

"Mimi nitajuaje? Nilidhani wewe."

"Tangu lini?"

Mlinzi alifikiri. "Tangu walipoanza. Walianza na mbili tatu. Siku hizi kibanda hakinitoshi. Kuna wawili wanakuja wanashikiliana mpaka hapa, wakifika hapa wanaachiana, wanajikaza kisabuni kupanda zile ngazi. Nilitaka kuwasaidia siku moja, yule mwenye maneno mengi akaniambia nikimgusa atanichapa."

Daktari aliangalia zile ngazi. Zilikuwa kumi na nne. Yeye ndiye aliyekichagua chumba cha juu kwa sababu kilikuwa na mwanga mzuri.

Alilibeba sanduku la barafu hadi juu na kuliweka mezani. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia nesi akisema, "Hongera bibi, umepunguza sekunde tatu," na sauti ya kizee ikijibu, "Dawa ya Pindo hiyo." Akakaa.

&nbsp;

"Mama, naomba ukae."

"Nimezoea kusimama."

"Mama, kaa. Tafadhali."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaupangusa upindo wa kanga yake ambao haukuwa na uchafu. Ilikuwa saa kumi alasiri, mwalimu hajarudi. Daktari alikuwa ametembea njia nzima akijiambia atauliza kwa upole.

"Zile fimbo umezishonea vitambaa wewe."

Mama aliendelea kuupangusa upindo.

"Ile ni mishono yako. Usinidanganye."

"Zilikuwa zinachanganyika," akasema mama kwa sauti ndogo. "Siku moja Bi Vifungo aliondoka na ya mwenzake, fupi, akatembea wiki nzima ameinama."

Kisha yote yakatoka, taratibu, kama uzi unaofumuliwa. Mwezi wa pili wa utafiti, walipoona namba zao hazishuki, walikutana hapo hapo sebuleni wakati Daktari yuko kazini. Walijadili. Mtoto wao amepewa kazi kubwa na wakubwa, na kazi hiyo imewekwa juu ya magoti yao. Magoti yakikataa, mtoto ataadhirika. Wakakubaliana kila baada ya miezi miwili kila mmoja apunguze namba moja, wasipunguze wote siku moja, wasije wakashtukiwa. Walifanya na mazoezi. Kiti cha chumba cha kulia kilivutwa katikati, mama akashika saa ya mwalimu, wakapokezana kuinuka na kukaa. "Bi Vifungo, usishike kiti!" Mama alikuwa akiwakemea kwa sauti ile ile aliyowafundishia kushona kola kiwandani. Walicheka sana. Mama alipofika hapo alitabasamu bila kutaka, na uso wake ukawa wa msichana wa miaka ishirini mwenye sindano mdomoni.

"Zilikuwa siku nzuri, mwanangu. Kama zamani kabisa. Tulikuwa tunaleta na chai."

"Na wakawezaje kuinuka bila kushika, mama? Magoti yale nimeyapiga picha. Hayainuki vile."

Mama alitazama chini.

"Tulikuwa tunameza panadoli."

"Panadoli?"

"Na zile za maumivu, za rangi mbili, za duka la dawa. Jumanne asubuhi kabla ya kuja. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa."

Daktari alisimama akashika kichwa. Aliwakataza dawa zile siku ya kwanza, mmoja mmoja, na kila mmoja akaweka dole gumba kwenye karatasi. Zile za rangi mbili zikichanganywa na dawa ya utafiti zingeweza kutoboa tumbo.

"Nani anaumwa tumbo? Mama! Kati yao nani amelalamika tumbo?"

"Bi Vifungo kidogo. Anasema choo chake kimekuwa cheusi. Mimi nilimwambia ni dengu."

Daktari alikuwa ameshashika simu. Alimwagiza nesi ampeleke Bi Vifungo hospitali kuu saa hiyo hiyo, akasimamisha vidonge vya wote, akakata simu. Akamgeukia mama yake, na maneno aliyoyasema hakuyapanga.

"Miaka tisa, mama! Miaka tisa ya maisha yangu! Ningekuomba uniharibie usingeweza kuniharibia hivi."

"Tulikuwa tunakusaidia."

"Nani aliwaomba? Mimi nilitaka ukweli tu. Kusema inauma saba kuna ugumu gani? Saba! Neno moja!"

Mama aligeukia dirishani. Aliposema, hakuwa anamwangalia yeye.

"Wewe ulikuwa mdogo. Kila mwisho wa mwezi mnyapara alikuwa anatupanga mstari, anauliza kwa upole kabisa, nani anaumwa, tumsaidie. Mwezi wa kwanza wasichana wanne waliinua mikono. Akaandika majina yao kwenye daftari, akawaambia poleni. Jumatatu kwenye vyerehani vyao wamekaa watu wengine." Akainyoosha kanga magotini. "Kuanzia hapo mtu mwenye daftari akituuliza kama tunaumwa, sisi hatuumwi. Hatujui kusema vingine, mwanangu. Hata wewe una daftari."

&nbsp;

Bi Vifungo alilazwa siku nne. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimeanza kutoa damu, lakini kiliwahiwa. Daktari alimtembelea kila siku, na kila alipomuuliza hali alijibiwa, "Sijambo sana, mwanangu, wala usihangaike," hata siku aliyokuwa ametundikiwa chupa mbili.

Profesa alimsikiliza Daktari hadi mwisho, akafunga mlango, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alitaka sana kuiona kazi hiyo inasimama.

"Damu nimeiona," akasema. "Nusu ya wanawake wale, alama za moto zimeshuka. Zimeshuka kweli, si mchezo. Damu haijui kupendelea."

"Najua."

"Basi peleka damu. Kuhusu panadoli toa taarifa, hilo ni la usalama. Lakini habari za fimbo na mazoezi ya sebuleni, nani anazijua?"

"Mimi, mama yangu, mlinzi."

"Watu watatu."

"Na wanawake thelathini na sita, Profesa."

"Ambao hakuna atakayewauliza."

Ningependa kusema Daktari alikataa pale pale, lakini haikuwa hivyo. Alitoka akazunguka jengo mara mbili. Aliifikiria ile ruhusa ya watu elfu moja, na jina lake juu ya karatasi. Alifikiria pia kwamba pengine dawa inafanya kazi, na kuifungia kabatini ni kuwanyima wazee wengi nafuu. Hoja zote zilikuwa nzuri. Kilichomrudisha ndani ni jambo dogo: alimwona nesi ngazini, amembeba mgongoni bibi mmoja wa kliniki nyingine, na bibi anasema niteremshe, nitembee mwenyewe, nisije nikaandikwa.

&nbsp;

Bodi ilikaa kwenye chumba chenye viti vinavyozunguka. Watu saba, chupa saba za maji. Daktari alieleza kila kitu kwa mpangilio, fimbo, sebule, panadoli, kupunguza namba kwa zamu. Alipotaja kwamba mratibu wa njama alikuwa mama yake mzazi, mjumbe mmoja alikohoa akijifanya anakunywa maji.

"Nikuelewe vizuri, Daktari," akasema mjumbe mwingine, mwanamume wa tai nyekundu. "Kwa mwaka mzima fedha za utafiti zimetumika kupima mapenzi ya akina mama kwa mtoto wao?"

Chumba kizima kilicheka. Hata Profesa alicheka kidogo, kisha akainamia kalamu yake. Daktari alisimama mbele yao akisubiri kicheko kiishe, masikio yakimwaka, akakumbuka jinsi wanawake wale walivyokuwa wakimkinga asione mnyapara akiwatukana, walivyomgeuzia uso kwenye gauni la mtu.

"Ndiyo," akasema. "Hicho ndicho nilichopima. Sikujua."

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Utafiti umefungwa. Takwimu za maumivu na za mwendo zifutwe zote. Damu ihifadhiwe, lakini isitajwe kama ushahidi wa nafuu, kwa kuwa hakuna anayejua kama aliyepungukiwa moto alipungukiwa na maumivu. Daktari asiongoze utafiti wa wagonjwa kwa miaka mitatu. Mwenye tai nyekundu akamshukuru kwa uwazi wake, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mhudumu.

&nbsp;

Ilibidi awaambie. Jumanne aliwaita wote, makundi mawili pamoja, chini, kwenye ukumbi wa kusubiria, ili asiwepo wa kupanda ngazi. Bi Vifungo alikuja na kanga aliyolazwa nayo hospitali begani. Mama yake alikuja nao, amejificha katikati yao.

Aliwaeleza kwamba kazi imefungwa. Hakuwalaumu. Alisema kosa lilianzia kwake, aliwapandisha ngazi kumi na nne kisha akawauliza kama wanaumwa.

Hakuna aliyefanya mzaha. Kisha Bi Vifungo, aliyekuwa amekaa mbele, akainua mkono. Aliuinua polepole, kiwiko kimekunjwa, kama mtu asiyejua kama unaruhusiwa kwenda juu zaidi.

"Mimi ni nane," akasema. "Ilikuwa nane tangu mwanzo. Hata ile saba ya siku ya kwanza nilipunguza."

"Mimi tisa," akasema mwingine.

"Mimi mchana sita. Nikipiga magoti kuswali, kumi."

"Mimi saba, lakini zamani ilikuwa tisa. Haki ya Mungu, Pindo, mimi dawa yako ilinisaidia. Nilikuwa siwezi kufua, sasa nafua. Hiyo si ya njama. Hiyo andika."

Daktari alimgeukia. "Mama, siwezi kuandika. Wameshafunga. Hata nikiandika, hakuna atakayepokea."

"Kwa hiyo tulipokuwa tunadanganya mlikuwa mnaandika, sasa tunasema kweli ndiyo kalamu hazina wino?"

"Ndivyo ilivyo."

Wakatazamana. Bi Vifungo akajikokota kuinuka, safari hii akishika kiti kwa mikono yote miwili, na hakuona haya.

"Basi sikiliza tu," akasema. "Kusikiliza si hawajakufungia?"

Daktari aliingia kwenye chumba kidogo cha pembeni, wakapanga foleni mlangoni. Aliwasikiliza mmoja mmoja hadi saa saba mchana. Walimwambia habari ambazo hazikuwa kwenye swali lolote alilowahi kutunga. Mmoja hajavaa viatu vya kufunga kwa miaka minane. Mwingine aliacha kwenda kwenye harusi kwa ajili ya vyoo vya kuchuchumaa. Mwingine alikuwa analala kwenye kiti, na mumewe alikufa akidhani amemchoka. Mkononi alikuwa na fomu za zamani zisizo na kazi tena, na kadiri walivyosema akajikuta anazijaza, kwa mazoea, na hakuna aliyezitazama kwa woga.

Wa mwisho kuingia alikuwa mama yake.

"Mama, wewe hukuwa kwenye utafiti."

"Utafiti si umefungwa? Nani atanikataza sasa?"

Alikaa. Kukaa kwenyewe kulichukua muda, akitanguliza mkono, halafu nyonga, halafu mguu mmoja ulionyooshwa, na Daktari akaona kwa mara ya kwanza kazi yote hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama akageuka kuutazama mlango.

"Funga kwanza huo."

Akaufunga.

"Linauma lipi, mama?"

"Yote mawili. La kulia ndilo baya, la kukanyagia pedali. Na nyonga. Asubuhi nikiamka nakaa tu kitandani, nasubiri wewe na mumeo mtoke, ndipo nianze kuinuka. Nikianza mpo mtasikia."

"Namba?"

"Tisa." Alisita. "Siku za mvua usiniulize."

"Tangu lini?"

Mama alihesabu kwa vidole, na hakuwa akihesabu miaka bali oda za kiwanda, sare za manesi, za wazima moto, za shule ile ya bweni.

"Mwaka wa sare za jeshi," akasema. "Ulikuwa umeanza kusimama dede. Nilikuwa nakanyaga kwa mguu mmoja, kwa mwingine nakuzuia usisogee kwenye mkanda wa cherehani."

Daktari aliitazama fomu. Swali la muda wa maumivu alilitunga yeye mwenyewe, na kisanduku chake cha mwisho kilisema zaidi ya miaka kumi. Kwa miaka tisa alikuwa akiutafuta ugonjwa huu kwenye damu za watu, na kila jioni akirudi nyumbani alimuuliza mama yake hali, akaambiwa sijambo, akaridhika akaenda kuoga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Wewe uliuliza, mimi nikaficha. Andika basi, kabla sijabadili mawazo."

Pembeni mwa karatasi, pasipokuwa na kisanduku, Daktari akaandika miaka arobaini na mitano.